Linki ya Dada Rehema na Chungu Kilichopasuka Dodoma

Jumamosi, jioni. Mvua ya Kyela leo haina adabu: imeninyeshea nikienda, ikaninyeshea nikirudi. Nimebadilisha nguo, chai iko mezani, na kichwani nina swali moja tu. Kwa nini mtu asiyekujua akuletee wageni wake?

Ngoja nianze mwanzo. Nina duka la steshenari hapa Ipinda, na nikishafunga naandika blogu ya vyungu. Ndiyo, mwanaume wa vyungu, wateja wamenicheka mpaka wakachoka. Mama mdogo Tabitha, anayemfuata marehemu mama yangu, ni mfinyanzi kule Ikombe, kijiji cha ziwani tunakokwenda kwa mtumbwi. Vyungu vyake vilikuwa vimejaa nyumba nzima huku wanunuzi wakihamia kwenye sufuria. Nikaona nimtafutie watu wa mbali.

Nilisoma kwamba ili blogu ionekane, tovuti nyingine lazima ziweke linki ya kuja kwako. Ukitajwa na wanaoheshimika, na wewe unaheshimika. Basi nikaanza kuomba. Niliandikia tovuti za utalii, za mapishi, za malezi, hata moja ya mbegu za mpunga, sijui nilitegemea nini. "Naomba uniwekee linki, nami nitakuwekea." Kimya.

Halafu aibu yenyewe. Jamaa mmoja wa mtandaoni akaniuzia linki mia mbili kwa mpigo. Zilikuja kweli! Zote kutoka tovuti za kubeti. Blogu ikazama, hata mimi mwenyewe nikiitafuta siioni, na ilinichukua miezi kuzikana zile linki moja moja, kwamba si zangu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilijitembeza hadharani.

Wiki tatu zilizopita nikafungua blogu nikadhani imeharibika. Wageni wamejaa! Kumbe wametoka kwa Dada Rehema, mwandishi wa mapishi wa Morogoro ambaye wala sikuwahi kumwomba. Katikati ya makala yake ya maharage aliandika: chungu kipya usikikurupukie, soma kwanza hapa. Hapo "hapa" ukibonyeza unafika kwangu, kwenye mwongozo wa kukizoesha chungu kipya kabla ya kukipikia.

Linki moja tu.

Mama mdogo akapata oda hadi akawaita jirani zake wawili wafinyange pamoja. Alinipigia simu anaimba. "Ndaga fijo, mwanangu," asante sana, mara nne mfululizo.

Jana mchana ikaingia komenti ya mama mmoja wa Dodoma. "Nimefuata kila ulichoandika. Chungu kimepasuka katikati, uji wote umemwagika jikoni." Na picha ya vipande juu ya jiko la gesi.

Hapa niseme kweli, maana la sivyo shajara ya nini? Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuificha ile komenti. Niliwaza, Dada Rehema akiiona, linki imekwenda, na oda za mama mdogo zimekwenda nayo. Nikajiambia huyo mama amekosea mwenyewe, nikaendelea kuuza bahasha. Lakini udadisi ndio ugonjwa wangu. Amekosea wapi?

Leo nikafunga duka, bodaboda mpaka Matema, mtumbwi mpaka Ikombe. Mama mdogo nilimkuta kibarazani anasugua chungu kwa kokoto kiwe laini. Baada ya salamu nikamweleza ya Dodoma, kisha nikamsomea mwongozo wangu neno kwa neno. Osha chungu. Jaza maji uliyooshea mchele. Korogea unga kidogo. Chemsha mpaka uwe uji mzito, uache upoe humo humo.

Akasikiliza hadi mwisho, mikono imejaa udongo.

"Na moto?"

"Moto gani, mama?"

"Moto, mwanangu. Umetaja maji, umetaja unga. Moto hukuutaja."

"Nani asiyejua moto?"

"Huyo wa Dodoma."

Alicheka akashika mbavu, kisha kicheko kikamwisha ghafla, maana oda ni zake. Huku kwetu chungu kipya hakirukii motoni. Unakikalisha kando ya mafiga, unakigeuza ubavu huu na ubavu huu kipate joto polepole. Ndipo unakipandisha, kwa ukuni mmoja tu, na ukimaliza unavuta ukuni, chungu kinabaki pale pale juu ya majivu mpaka kipoe. Mtoto wa huku anayaona hayo kabla hajajua kusema. Na mimi niliyaona, ndiyo maana sikuyaandika! Nilidhani yote yamo ndani ya neno "chemsha". Yule mama kachemsha kwa gesi, moto wote umepiga kitako cha chungu kikiwa bado baridi.

"Mwandikie huyo aliyekutaja," mama mdogo akasema.

"Ataniondoa, mama."

"Na vingine vikipasuka, vitaitwa vibovu vyungu vya nani? Vyako?"

Nikabeba mzigo alionifungia, nikashuka mtumbwini.

Niliporudi Matema nikasimama kwenye kibanda cha wauza samaki kukwepa mvua, nikairudisha ile komenti. Nikamwomba radhi mama wa Dodoma na kumwahidi chungu kingine. Halafu nikamwandikia Dada Rehema ukweli wote, pamoja na kuficha kwangu. Na kwa kuwa siwezi kujizuia, nikamalizia: samahani dada, hivi mimi ulinitaja kwa nini?

Jibu lilinikuta njiani. Anasema alisoma miongozo mingi ya vyungu na yote inajua kila kitu. Wangu ulikuwa na mahali nimeandika kwamba sababu ya maji ya mchele siijui, nitamuuliza mama mdogo, na siku chache baadaye nikaongeza alichonijibu. "Nikasema huyu anauliza wanaojua." Kisha akaendelea: "Linki naitoa kwa sasa. Wasomaji wangu karibu wote wanapikia gesi. Ukiandika ya gesi, nitumie nisome."

Ameitoa kweli. Nimeangalia mara tatu.

Imeniuma, nisidanganye. Lakini zaidi nashangaa. Barua zote zile nilizosumbulia watu, hakuna hata moja niliyoeleza msomaji wao atapata nini kwangu. Nilieleza shida yangu tu. Mwaka mzima nauliza linki inapatikanaje, sikuwahi kuuliza anayeifuata ana jiko gani nyumbani.

Nimempigia mama mdogo kumwambia. Nikasikia kokoto inasugua.

"Haya," akasema. "Hivyo vitatu nilivyokufungia kwenye majani ya migomba si vya kuuza. Mimi gesi siijui. Kavipasue wewe, mpaka ujue."

Na mimi nilidhani ni mzigo wa mteja! Nimevibeba mtumbwini kama mayai.

Sasa hivi mama wa Dodoma naye amejibu. Chungu nisimtumie, atanunua mwenyewe. Anataka tu kujua gesi aiwashe kiasi gani na kwa muda gani. Swali jepesi kabisa, na katika blogu nzima ya vyungu hakuna jibu lake. Je, moto mdogo wa gesi unatosha, au chungu kinahitaji bati chini yake? Au chungu chetu hakiiwezi gesi kabisa, na itabidi niwaambie watu hivyo, oda zipungue?

Jiko langu la gesi lina plate mbili. Kesho nikitoka kanisani nawasha moja, moto wa chini kabisa, nakaa mbele yake na saa na daftari. Cha kwanza kikipasuka nitakipiga picha, na picha hiyo nitaiweka juu kabisa ya ukurasa.