Mbwa Wako Anaikimbia Sauti Yangu

Baba, shikamoo.

Nimeandika hivyo, nikaweka kalamu chini kusubiri marahaba yako. Mazoea haya yatanimaliza.

Alizeti nimeshavuna. Hiyo haikunishinda. Kilichonishinda ni Waache, mbwa wako uliyempata kwa kubadilisha na jogoo, majirani wakakucheka, nawe ukamwita Waache Waseme ili kila ukimwita mbele yao ujumbe ufike.

Unakumbuka ulivyokuwa unamtukana? "Njoo hapa, jizi kubwa, huna hata haya," unamwambia kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto, naye anakuja mbio, anajigaragaza miguuni pako. Nilikwambia hajui unachosema. Ukanijibu, "Ninachosema hakijui. Nilivyo anajua."

Sasa mimi namwita kwa maneno matamu yote niliyo nayo. Mwanangu, mzuri wangu, njoo ule. Anafyata mkia, anarudi nyuma hadi chini ya mkokoteni, anajikunyata huko utadhani nimeshika fimbo. Ugali wa asubuhi naukuta jioni umejaa sisimizi. Mbavu zilianza kuonekana. Watu wakiniuliza hali nasema tumeshapoa, tunamshukuru Mungu, na wote wananiamini, hata mchungaji wa kanisani. Waache haniamini. Anasikia kilio ndani ya sauti yangu na anadhani namgombeza. Nilijaribu kuchangamka, Baba. Nilicheka kwa nguvu peke yangu uani. Akatetemeka.

Nilitaka sana abaki. Tangu tukuzike tulikuwa wawili tu humu ndani, na yeye ndiye aliyekuwa anakujua kama ninavyokujua mimi.

Juzi alipita bwana mmoja aliyekuwa anaswaga ng'ombe kurudi kwao upande wa Manyoni, akaomba maji. Alipomwona Waache akamwita kwa lugha ya kwao, ambayo hata mimi siielewi, kwa sauti tulivu ya mtu asiye na msiba. Waache akatoka chini ya mkokoteni. Akamlamba mkono. Akala kiporo chote mbele yake huku mkia unacheza, nami nimesimama na kopo la maji, naona wivu, naona aibu. Nikamwambia yule bwana amchukue. Bora ale kwa mtu mwingine kuliko afie kwangu. Waliondoka pamoja na ng'ombe, wala hakugeuka. Sikumuaga, niliogopa kufungua mdomo.

Nyumba imekuwa kimya, Baba. Nikiita wanakuja kuku tu. Wao, mradi kuna pumba, hawana habari na moyo wa mtu.

Pumzika, Baba yangu. Nakuahidi siku sauti yangu itakapopona nitamfuata Manyoni, nikamsalimie kwa niaba yako. Sioni siku hiyo ikija. Asubuhi hii nilisimama uani nikaliita jina lake, nisikie tu nasikikaje. Nimeelewa kwa nini alikuwa anakimbia.

Mwanao,
Monika