Ndama Wanne na Baridi ya Julai

Jumamosi, Julai. Baridi ya kupasua midomo. Jua limechungulia mara moja tu, likaona hali ilivyo, likarudi.

Leo nimeamka nikijua nimeshinda. Hata nilipokuwa njiani kutoka Kiamunyi kwenda kwa Mama huko Rongai, nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia, yale ya upole ambayo mtu husema akiwa na hakika kwamba mwenzake ameshindwa.

Mambo yenyewe ni hivi. Kila mwaka baridi ya Julai ikija, Mama hupoteza ndama. Mwaka jana alikufa jike mmoja mzuri sana, kwa homa ya mapafu. Mimi nasema ni zizi. Lilijengwa na babu alipopata kipande chake cha shamba la mzungu, na siku hizi upepo unaingia mlangoni na kutokea ukutani. Chini ni matope matupu. Mama anasema zizi halina neno, ni homa tu, na homa ipo kila mahali.

Mwaka huu ng'ombe wake wanne walizaa karibu kwa pamoja, na mimi ni mwalimu wa biolojia, kwa hivyo nilishindwa kujizuia. Nilimwomba stoo ya viazi, ambayo kwa sasa iko tupu. Tukakubaliana: ndama wawili walale stoo, juu ya mbao na nyasi kavu, na wawili wabaki zizini kama kawaida. Maziwa yawe yale yale, chakula kile kile. Mimi nije na tepu kila Jumamosi nipime kifua, maana kifua cha ndama ndicho kinachokuonyesha uzito wake. Wa stoo wakikua haraka kuliko wenzao, stoo inakuwa ya ndama siku zote. Wasipokua, Mama anarudishiwa stoo yake, ndama wote wanarudi kwenye upepo, na mimi nanyamaza.

Wiki za kwanza wa stoo walitangulia, tena wazi kabisa. Halafu mitihani ya shule ikanibana, nikakosa kuja mara mbili. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kupima kwa mara ya mwisho.

Nilianza na wa stoo. Wamekua vizuri, ngozi inang'aa. Nikaenda zizini nikipiga mluzi.

Wa zizini wamewapita.

Si kwa mengi, upana wa kidole hivi, lakini wamewapita. Nikapima tena. Nikaishuku tepu, nikailaza kando ya rula, nikakuta haina kosa. Nikajishuku mwenyewe, ingawa hapo sikukaa sana, kwa sababu kupima ninajua. Pengine mtu mwingine angevunjika moyo. Mimi nilikasirika. Baridi haijawahi kumnenepesha ndama, na namba zikisema imemnenepesha, basi kuna mtu amezisaidia.

Ndipo nikamwangalia vizuri Jumapili, yule ndama mdogo wa zizini aliyepewa jina la siku aliyozaliwa. Jumapili ni mweusi tititi. Mgongoni alikuwa amejaa nyuzi nyekundu za blanketi. Hilo blanketi nalijua, mimi mwenyewe nilimnunulia Mama Krismasi.

Wakati huohuo Mama akatoka jikoni na sufuria, anaenda kuiosha kwenye bomba. Wale wawili wa zizini wakakimbia hadi kwenye ua, wakalia, wakanyoosha shingo kuifuata ile sufuria. Wa stoo hata hawakugeuka. Nikamwangalia Mama. Mama akaangalia sufuria.

Sikuhitaji kumhoji sana. Alisema Jumapili alianza kukohoa ile wiki baridi ilipozidi, ndipo akaanza kuwapikia uji wa maziwa kila jioni, wote wawili wa zizini. Blanketi ni la Jumapili. Mwenzake ameshonewa gunia na sweta kuukuu ndani yake. Asubuhi kila kitu kinavuliwa na kufichwa, hasa Jumamosi.

Nikamwambia tulikuwa tumekubaliana. Akasema tulikubaliana maziwa na chakula, uji sikuutaja.

"Hao wengine wanalala kwa nyumba, Nekesa," akasema. "Hawa wananiangalia tu nikipita. Sasa ungetaka nifanye aje? Nijifunike blanketi mimi nilale, na huyu anatetemeka hapo nje?"

Nakiri nilichemka. Mimi ndiye ninayewakata alama wanafunzi wakibadilisha masharti katikati ya jaribio, na hapa jaribio langu mwenyewe limelishwa uji. Nilifungua mdomo nitoe mhadhara. Kisha nikasikia vizuri alichokuwa amekisema.

"Mama, kama ni homa tu na zizi halina neno, blanketi ni la nini?"

Alijifunga kitambaa chake upya kichwani, taratibu, ilhali hakikuwa kimelegea. Mama hajawahi kuniambia nimeshinda kitu chochote, na leo hakuanza. Aliweka sufuria chini, akafungua zizi, akamshika Jumapili shingoni na kumwongoza hadi stoo. Mimi nikamleta yule mwingine. Akasema viazi vikivunwa vitakaa sebuleni, na mgeni atakayekuja atakalia gunia.

Nimefurahi mno. Sitajifanya.

Grafu yangu imeharibika, lakini Jumatatu nitaichora ubaoni hivyo hivyo, mistari ikipishana, niwaulize wanafunzi wanadhani kulitokea nini katika boma hilo. Nina hakika litakuwa somo zuri kuliko lile nililopanga.

Jambo moja tu ndilo limebaki nami. Tulipokuwa tukiwatandikia nyasi, Mama aliniuliza akiwa amenipa mgongo.

"Na yule wa mwaka jana, angelala humu angeishi?"

Nilijua anataka niseme hapana. Ni neno fupi, na angelala vizuri usiku wa leo. Lakini sina hakika nalo, na Mama hunijua nikidanganya tangu nikiwa mdogo. Kusema ndiyo nako ni kumbebesha Mama peke yake kifo cha yule ndama, kana kwamba sisi wengine hatukuwa tukiliona lile zizi miaka yote.

"Sijui, Mama," nikamwambia.

Akaendelea kutandaza nyasi, akizisukuma kwa mguu hadi kwenye pembe. Sikuweza kuliacha hapo. Nikamwambia hawa wanne wataishi. Sina kipimo chochote cha kuthibitisha hilo, na bado nililisema kwa sauti kubwa.