Shimo ku Muguu wa Mama Yako

Aline, mutoto wa dada yangu,

Hapa Katindo tuko wazima, na mbuzi yetu imezaa mapacha. Unaniuliza kwa nini kwangu mabinti wanapewa samaki mbele yangu, mimi mwanaume mwenye tumbo kubwa.

Nikiwa kijana nilisukuma chukudu, kile kibaiskeli cha mbao, yenye magunia kumi na mbili ya makaa toka Lac Vert mpaka Birere, motari wenyewe na pikipiki zao wakinipisha! Basi samaki ilikuwa ya papa yetu, babu yako, na yangu. Mama yako, miaka kumi na mbili, alipika, kisha akala bugari, ugali wetu, na maji ya majani ya sombe tu. Mashavu na miguu vikanenepa. Nikajisifu kwa jirani: "Mama Zawadi, angalia! Kwetu hata binti ananona!"

Akabonyeza muguu wa mama yako. Kidole kikaacha shimo, na shimo halikujaa.

"Mujinga wewe, haya si mafuta. Ni bwaki, ugonjwa wa bugari bila samaki. Mutoto ana njaa."

Njaa, Aline! Kwetu!

Jioni nilimusukumia mama yako samaki yangu. Hakuigusa. Aliangalia kwanza uso wa papa.

Wewe huko shuleni, kula bila kuangalia uso wa mutu.

Ni mimi, mujomba wako Safari.