Moto Chini ya Kinanda

Ifakara, Ijumaa, 2 Novemba 1956

Mwaka wa thelathini na tisa tangu nitoke kwetu Lituhi. Nimekunywa chai, nimetoa kiota cha panya ndani ya kinanda. Hiki ni cha pili kukitengeneza. Cha kwanza kiko shule ya hapa mjini, watoto wanaimba nacho kila asubuhi. Hiki kilikuwa ghalani kwa Karimu mwenye duka. Aliuziwa pamoja na vitanda vya mzungu aliyerudi kwao, akakifanya rafu ya sabuni. Amenipa bure. "Mwalimu, niondolee jeneza hili. Linakula nafasi ya magunia."

Nyundo za kugonga waya ni nzima, ila sufu yake imeliwa na nondo. Ubao wa sauti, ule unaovumisha waya, hauna ufa. Nimeupapasa wote, juu hadi chini.

Hiki si cha Ifakara. Nimeamua. Kitakwenda nyumbani, na mimi nitakwenda nacho.

Jumapili, 11 Novemba

Baada ya kanisa nimekata blanketi langu la zamani na kuzivika nyundo. Mikono inauma.

Nimemwaza Tekla, mdogo wangu. Katika sisi watoto wa mama amebaki yeye na mimi. Nilipokuwa nafundishwa kinanda misheni, yeye alisimama nje ya dirisha. Wasichana hawakufundishwa. Alikuwa akipiga kwa vidole juu ya kizingiti cha dirisha, akinifuata. Nataka kinanda hiki kiwekwe katika shule ya kule, na yeye awe wa kwanza kukikalia, na uzee wake huo huo.

Kuna jambo jingine. Siwezi kuingia Lituhi mikono mitupu. Vita vya Wajerumani vilituchukua vijana wengi, tukabebeshwa mizigo. Wenzangu walikufa njiani. Mimi niliachwa Mahenge na homa, nikapona, nikashuka bondeni, nikaoa, nikafundisha, nikazika mke. Nikitokea peke yangu, ndugu wa wale wengine wataniangalia. Lazima pawe na kitu kingine cha kuangalia.

Alhamisi, 22 Novemba

Haule amefika na lori lake. Hununua mchele hapa na kuupeleka Songea. Mkewe ni wa Lituhi. Anasema Tekla yupo, anakohoa, anaulizia habari zangu.

Amekizunguka kinanda, akacheka. "Mzee wangu, kiti kipo leo hii, mbele, karibu nami. Hili dubwana ndilo sina pa kulitia. Mchele umejaa." Kinanda atakichukua Julai, barabara ikikauka.

Nimemwambia nitangoja twende pamoja, mimi na kinanda.

Karimu alikuwa amesimama mlangoni kwake. "Mtu anayekwenda kwao hubeba nguo, Mwalimu. Habebi kabati." Nikamwuliza mbona yeye, mgeni hapa kama mimi, hajaenda kwao. Akaingia ndani.

Idete, Jumanne, 4 Desemba

Nyumba yangu inavuja. Mwalimu Sevelini wa hapa Idete ana darasa lenye bati, mahali pa juu, amekubali kinanda kikae huko masika yote. Wanaume wamekibeba kwa miti mabegani, wakipokezana. Kimefika salama.

Mama Sabina, mwimbishaji wa kwaya, alitupokea na kicheko. "Shikamoo Mwalimu. Sasa mnyama mwenye meno yote haya, tutamlisha nini?" Nikamjibu kwamba yeye hali, analiwa. Adui zake ni wawili, unyevu na wadudu. Akae pakavu, wadudu wasimwingie. Nimelirudia jambo hilo, maana Sevelini anakwenda likizo ndefu kwao Mahenge na ufunguo anamwachia Mama Sabina.

Jumatano, 16 Januari 1957

Bado niko Idete. Nilikuja kwa Krismasi, sijaondoka. Namfundisha Mama Sabina na binti zake. Alianza kwa kidole kimoja, sasa anatumia mkono wote wa kulia. Akikosea anajizomea mwenyewe. "Toka hapo, mkono wa kupalilia wewe!" Binti zake wanaanguka kwa kucheka. Nimefurahi, na nilikuwa nimesahau kufurahi kulivyo.

Watu wameanza kufungasha kuhamia mashambani, kule mbugani, mpaka mavuno. Homa imenishika. Kesho narudi Ifakara.

Ifakara, Jumatatu, 18 Machi

Nimelala hospitali, nimetoka, nimerudi tena. Mvua haikatiki.

Sokoni nimekutana na mtu wa Idete. Kijiji kimebaki na kuku wachache. Wote wako mashambani, watoto nao. Kinanda nacho. Nikamwuliza, nacho? Nacho, akasema, kana kwamba anazungumzia mbuzi wa kwao. Mbuga ni maji matupu. Siwezi kwenda. Sili, silali.

Mbugani, Jumamosi, 4 Mei

Nimefika kwa mtumbwi. Mpunga umeanza kupiga manjano. Kila shamba lina dungu lake, jukwaa la miti, na juu ya dungu mtu anapigia ndege kelele. Katikati ya vibanda wamejenga dungu moja kubwa kuliko yote, nguzo nene, paa la nyasi lililosukwa vizuri. Kinanda kiko juu yake. Chini yake moto.

Mbegu ya mpunga huku hufungwa juu ya jiko. Moshi huikausha na kufukuza fukusi. Nimekaa bondeni miaka yote hii, nimeziona mbegu hizo katika kila nyumba. Tangu wahamie mpaka leo, kinanda kimekaushwa kama mbegu.

Gundi imeachia. Ubao wa sauti umepasuka toka juu hadi chini. Waya nene zinakoroma. Zile nyembamba hazisemi kitu. Sauti imebaki katikati tu. Kote masizi, na harufu ya samaki.

Nimemwita Mama Sabina mpumbavu mbele ya watoto wake. Ameniletea maji ya kunawa.

Jumapili, 5 Mei

Asubuhi Mama Sabina alikuwa anapara perege. Akaanza bila kunitazama. "Mwalimu, ulisema unyevu na wadudu."

Nilisema.

"Kijiji chote kikihama, tungemwacha mgeni na mchwa? Na mbegu yetu hatukuiwashia moto wa peke yake. Huyu tulimwashia. Wanangu wamekata kuni kwenye mvua."

Nimeona aibu. Nimemwomba radhi, tena watoto wakisikia. Kisha nimemweleza jambo ambalo sikumwambia mwanzo, kwamba kinanda kilikuwa cha kwenda kwa mdogo wangu Lituhi. Kisu kikasimama.

"Alikuomba kinanda?"

Hakuniomba.

"Aliomba nini?"

Habari zangu, nikasema. Akaendelea kupara samaki. Sikuweza kubaki pale. Nimekwenda kusimama kwenye matope mpaka miguu ikafa ganzi.

Ijumaa, 10 Mei

Kinanda hakiwezi kwenda safari ya lori. Kilima cha kwanza tu kitabomoka. Nimekubali.

Nitakwenda bila kitu. Haule akija Julai nitapanda na nguo zangu. Ndugu wa wenzangu wakiniangalia, waniangalie. Wakiuliza walikufaje, nitawaambia kila mmoja alipoanguka, maana nakumbuka. Tekla nitamwambia dada mmoja wa mbugani anapiga kinanda kwa mkono mmoja na kujitukana. Atacheka.

Naogopa. Lakini nimelala usingizi mzuri.

Ifakara, Jumanne, 9 Julai

Haule amefika mchana. Nilikuwa nimekaa nje ya duka la Karimu, furushi miguuni, shati safi. Aliteremka, akavua kofia. Nikajua kabla hajafika.

Tekla alifariki wakati wa Kwaresima. Kikohozi kile. Mke wa Haule alikuwepo mazikoni.

Nimemwuliza kama alijua ninakuja. "Nilimwambia mwenyewe, Mzee, niliporudi na ule mchele. Alifurahi mno. Alimwambia kila mtu. Barazani kwake alikuwa ameweka mkeka, wa kukupokelea."

Akaniuliza tunakwenda au hatuendi. Nikasema atangulie.

Novemba kiti kilikuwepo. Nimeandika humu kwa mkono wangu.

Karimu amefunga duka jua bado liko juu, akaja kukaa nami kwenye benchi. Wateja walipita, akawaashiria warudi kesho. Tumekaa hivyo mpaka magharibi.

Alhamisi, 11 Julai

Mazishi yamekwisha pita. Hakuna kaburi la kuendea, hakuna kazi ya kufanya. Nimefua shati lile lile.

Jumamosi, 20 Julai

Mama Sabina amekuja kwa miguu kutoka Idete kunipa pole, na kikapu cha mchele mpya kichwani. Ametwanga mwenyewe. Akaketi chini, akamlilia Tekla, mtu ambaye hakumjua kabisa. Nami nikalia, ndiyo mara ya kwanza.

Hakukitaja kinanda. Ila alipokuwa akiondoka alisema darasani kuna upepo mzuri sasa, na Mwalimu Sevelini amerudi.

Idete, Jumapili, 28 Julai

Watu wamerudi kijijini. Wamevuna vizuri. Kinanda wamekirudisha darasani, wamekifuta masizi kwa majani ya mpapai. Nimebana ufa wa ubao kwa vipande vya mninga na gundi ya ngozi. Waya za katikati zimekubali kukazwa. Zitashika siku chache, kisha nitakaza tena. Hakuna mwingine hapa anayeweza, bado.

Baada ya ibada wameimba wimbo mmoja, taratibu. Binti mkubwa wa Mama Sabina alipiga. Wimbo ulipokwenda juu, mahali ambapo kinanda hakina sauti tena, kwaya iliendelea peke yake, naye akangoja mikono mapajani mpaka iliposhuka.

Sevelini amenionyesha kiwanja nyuma ya shule. Nyumba yangu itakuwa ndogo. Nyasi ziko tele msimu huu.

Sitarudi Lituhi.