Nani Ataongoza Usipokuwepo

3 Machi

Shangazi, shikamoo. Kaa chini kwanza: bila mimi ofisi hii ingeshafungwa! Goti linaendeleaje? Kazi yetu ni kuviandaa vikundi kama chako mpaka mwekezaji aridhike kwamba pesa yake itaingia kwenye kazi iliyosimama imara. Watu sita wenye digrii hapa wananitegemea mimi. (Sawa, nilianza kwa kutoa fotokopi.) Karakana yako ya viti vya magurudumu nimeshaiingiza kwenye orodha. Fomu hii niliyoambatisha ina maswali arobaini; wewe tia saini tu, nitakujazia mwenyewe.

Mwanao, Meneja Mtarajiwa

11 Machi

Marahaba mwanangu. Goti ni lilelile, mwezi wa tano napasuliwa. Barua yako imenichekesha mpaka Fundi Kimya akauliza kwa mikono kuna nini. Nikamwambia kijana wetu sasa ni bosi. Akajibu, kwa mikono vilevile: yule aliyeshindwa kukaza nati?

Fomu nimeitia saini na kukurudishia, ujaze. Panapoulizwa nani ataongoza nisipokuwepo, andika Fundi. Hasikii wala hasemi, lakini karakana ni yeye. Tunahitaji mashine ya kukunja mabomba. Watoto ishirini na tatu wanasubiri viti, wanabebwa mgongoni kwenda shule. Usiniangushe.

Shangazi yako

2 Aprili

Shikamoo Shangazi, na pole ya goti. Mwambie Fundi nati ile ilikuja mbovu toka kiwandani! Fomu imepita, alama themanini na nane. Lile swali la nani ataongoza limewatoa jasho wengine, mimi nimelijibu kitaalamu. Wageni kutoka kwa mwekezaji watakuja karakanani mwezi wa tano. Wewe nenda kapasuliwe kwa raha zako.

Mwanao, Bosi

19 Mei

Mwanangu, hujambo? Naandikia wodini. Mama anayetushonea vitambaa vya viti amekuja hapa analia. Anasema wageni walimwita msimamizi, ukasimama wewe. Walipouliza mtoto anapimwaje kabla ya mabomba ya kiti kukatwa, ukampima mtoto urefu tu, kama fundi nguo. Fundi akasogea kuwaonyesha kwamba hupimwa nyonga na magoti, mtu akasema huyo ni kibarua tu. Akasoma midomo. Akavua aproni, akaitundika, akatoka. Miaka kumi na minne!

Mshonaji hakuona nani alisema hivyo. Wewe ulikuwepo. Ni nani?

Shangazi yako

27 Mei

Shikamoo Shangazi. Umeanza kutembea? Wageni wamesema hatujawa tayari. Wana maringo, achana nao! Tutaomba tena.

Mwanao

20 Juni

Shikamoo Shangazi. Hujanijibu, na nasikia umefunga karakana. Nilikwenda kwa Fundi. Alifungua mlango, akaniangalia, mikono mfukoni. Hakuitoa.

Kwenye fomu niliandika jina langu. Nilitaka wenye digrii walione. Na uliyemuuliza, yule aliyesema kibarua, hakuwa mgeni. Ni mimi.

Mwanao