Usiuze Karakana, Baba

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama, nikitumaini goti lako limetulia na mvua haijaimaliza barabara yetu ya Kiamunyi. Mimi ni mzima. Mwambie Mama kikohozi kimeisha. Nilikunywa tangawizi kama alivyoagiza, ingawa tangawizi ya huku Taiwan haina ukali wa ile yetu. Barua hii nimemtumia kaka Wekesa akuchapishie kwa herufi kubwa. Nimeiandika kwa sababu kwenye simu huwa unaniuliza kama nimekula, ukisikia nimekula unampa Mama, na leo nina maneno mengi.

Wekesa ameniambia unataka kuuza karakana. Anasema kuna mtu anataka kuibomoa ajenge nyumba za kupangisha, nawe umeshakubali kwa mdomo, imebaki sahihi tu. Nilipomuuliza kaka yangu ulisema nini, akanijibu, "Mzee alisema tu hiyo kazi ilimshinda zamani."

Neno hilo limenikaa kifuani. Tafadhali isome barua hii mpaka mwisho kabla ya kumpigia yule mtu.

Mahali ninapofanyia kazi wanapaita bustani ya sayansi. Usifikirie maua. Ni mtaa mzima wa kampuni, kubwa kwa ndogo, zimejengwa ubavuni mwa chuo kikuu. Katikati kuna jengo la watu wanaoanza kama sisi. Tunapewa chumba, umeme, na vyombo vya kupimia ambavyo peke yetu tusingeweza kununua. Ukitoka kwenda kunywa chai unakutana na mtu wa plastiki, mtu wa dawa, mtu wa vioo vya kamera. Mwanzoni niliona ni kelele tu. Nilizoea kufikiri mtu mwenye akili anahitaji kuachwa peke yake.

Kazi yetu unaijua: mimi na wenzangu wawili tunaunda jokofu dogo la maziwa linalotumia nguvu za jua, kwa wakulima kama Shangazi wa Subukia, ambaye maziwa yake ya jioni huchacha kabla gari la asubuhi halijafika. Mwaka huu lilikaribia kutushinda. Kila jokofu tulilounda lilipoza vizuri siku chache, halafu gesi ikaanza kuvuja. Tukabadilisha mabomba, tukabadilisha kompresa, bado. Wasimamizi wa jengo wakatuambia kwa upole kwamba tukikosa cha kuonyesha, chumba kitapewa wengine. Mwenzangu mmoja akaanza kutafuta kazi kwingine. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kupanga sanduku kichwani.

Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, nilikaa karibu na Bwana Lin, mhandisi wa ghorofa ya juu anayeunda pampu za hospitali. Aliniona nimeinamia sahani tu.

"Mbona huli?"

"Gesi inavuja na hatujui inatokea wapi."

"Inavuja mashine ikiwa baridi au ikiwa moto?"

Hatukuwa tumepima hivyo hata mara moja. Akaacha chakula chake, tukashuka pamoja. Kuhusu maziwa hakujua lolote, lakini mipira ya kuzibia pampu aliijua, na akashuku kwamba mpira wetu unasinyaa kwa baridi na kutanuka kwa joto mpaka unachoka. Akatupeleka kwa mama mmoja wa kampuni ya jirani mwenye darubini kubwa. Tukauweka mpira chini yake, tukaona nyufa. Yule mama akakumbuka kwamba kuna mwanafunzi hapo chuoni anayetafiti mpira usiopasuka. Tukavuka barabara tukamkuta. Baba, tangu tutie ule mpira wake, tumelitikisa lile jokofu, tumelianika juani, tumelimwagia vumbi kama lile la Nakuru wakati wa kiangazi. Halijavuja. Chumba tumebaki nacho.

Siku jokofu lilipopita majaribio wenzangu walipiga makofi, mimi nikatoka nje nikalia. Walidhani ni furaha. Ilikuwa furaha, lakini pia nilikuwa nimekuona wewe.

Nilikuona na ovaroli lako la buluu, siku za likizo nikikuletea githeri ya mahindi na maharagwe kwenye mkebe, na eneo la viwanda lote likinukia unga wa ngano na mafuta ya mashine. Unamkumbuka yule mkulima wa Rongai aliyeleta kinu chake cha posho, shafti imevunjika, karibu alie? Uliitazama ile shafti, ukapiga mluzi kwenye ukuta wa mabati. Otieno akatokea upande wa pili na miwani yake ya kuchomelea. Mzee Hamisi akaja kutoka kwenye tanuri lake pale kona, anajifuta jasho.

"Hii nitachoma," Otieno akasema, "lakini itapinda."

"Ikipinda nitaikereza," ukamjibu.

"Na bushi ya kushikilia shafti mtatoa wapi nyinyi?" Mzee Hamisi akauliza, huku tayari anachakura vipande vya shaba. Akaiyeyusha, akasubu bushi mpya, wewe ukaimalizia kwenye mashine yako ya kukereza, mkibishana na kuchekana wakati wote. Jua halijazama, kinu kilikuwa kimepandishwa kwenye pikapu. Nilikaa juu ya debe nikiwatazama, nikidhani kazi yote duniani hufanywa hivyo.

Kisha kile kiwanda kikubwa cha jirani kikafungwa, na kazi zilizokuwa zikitoka humo zikakauka. Otieno akahamia Salgaa kuchomelea trela. Mzee Hamisi akatangulia mbele ya haki. Wewe ukabaki. Mtu akija na shafti uliweza kuikereza bila shida, lakini wa kuchomelea hayupo, wa kusubu bushi hayupo, basi mtu anafunga vitu vyake anaenda Nairobi. Watu wakaanza kusema mzee amechoka. Naona hata wewe uliwaamini.

Baba, kazi haikukushinda. Majirani ndio waliondoka. Bwana Lin ana shahada kushinda vidole, lakini ukimtoa hapa ukamweka mahali pasipo yule mama wa darubini wala yule mwanafunzi, atabaki ameshika mpira mkononi akiutazama. Hilo ndilo nililojifunza huku kuliko mengine yote.

Sasa sikiliza. Kampuni moja ya huku ilitaka kutuundia majokofu hukuhuku, sisi tuyasafirishe. Tulibishana sana. Mwishowe wenzangu wamekubali yaunganishwe Nakuru, karibu na ng'ombe wenyewe. Nasikia kaunti inazungumzia kujenga kituo cha teknolojia, jengo la vioo na intaneti ya kasi. Likija, karibu. Lakini sitaki kulingojea wakati karakana yako ipo ya kuyaunganishia, na vijana wa chuo cha Njoro wapo, wana mawazo na hawana pa kuyajaribu. Zuhura, binti ya Mzee Hamisi, bado anawasha tanuri la baba yake kule Bondeni, anasubu sufuria. Ameniambia nikimletea kazi ya maana, yuko.

Nilimpigia Otieno pia. Ilibidi nijieleze mara mbili.

"Ati Nasimiyu? Yule wa githeri?"

"Ndiye mimi."

Nikamweleza yote. Nyuma yake nilisikia malori yakipita. Kisha akauliza, "Kwani mzee bado ako na ile mashine?"

"Bado iko. Imefunikwa tu."

"Basi mwambie asiuze. Mimi huku nachoma trela moja baada ya ingine, hakuna mtu wa kubishana naye. Nimechoka kuongea na vyuma."

Siwezi kukuahidi kwamba tutafaulu. Tunaweza kushindwa, na nimelifikiria hilo pia. Wala sikuombi usimame siku nzima na goti hilo. Nataka uwepo, wa kuulizwa na wa kubishana. Nitakuja mvua zikiisha, na safari hii sitarudi huku ila kutembea.

Nisalimie Mama, na wenzake wa kwaya wanaoniombea. Nisalimie Wekesa na wifi yangu mpishi wa chapati ninazoziota. Mwambie Shangazi wa Subukia jokofu la kwanza ni lake, na Kukhu kule Kimilili mwambie mjukuu wake bado anaongea Kibukusu, hata kama ni na ukuta.

Otieno atapita karakana Jumatatu asubuhi kuona kama mashine bado inazunguka. Akipiga hodi, Baba, mfungulie.

Binti yako anayekupenda,
Nasimiyu