Fuata Mstari, Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujaanza kunigombeza kwa ukimya wangu, niambie kwanza habari za nyumbani. Watoto wameacha kukohoa? Na mgongo wako je, maana najua huko wodini unalala kwenye kiti? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imechafuka, na utanivumilia nikiandika kwa ukali.

Uliponipigia simu uliniuliza swali moja, nikajifanya mtandao mbovu, nikakata. Uliuliza mumeo, mtu mwenye macho yake mawili, dereva tangu ujanani, aliingiaje na lori kwenye mto uliofurika. Nitakujibu, lakini niache nianzie mwanzo.

Unakumbuka madereva walivyolalamika kwamba ramani ya simu inawatupa wakishaacha mji. Mtandao unakatika, maelekezo yanapotea, mtu anabaki njia panda anajikuna kichwa. Shemeji ndiye aliyenichokoza. Alisema mimi msomi mzima kazi yangu ni kuzibua printa za watu, na wao huko wanapotea. Ndipo nikatengeneza ile programu. Unatafuta njia kwenye ramani ya mtandaoni, unanakili kiungo cha maelekezo, unakibandika kwenye ukurasa wangu, unapewa faili. Faili hiyo unaitia kwenye kifaa cha GPS, nacho kinakuonyesha mstari wa kufuata hata pasipo na mtandao.

Nasimulia kirahisi, lakini ilinitoa jasho. Vifaa vile vya zamani havibebi nukta nyingi za kuchora mstari, kwa hiyo programu ilibidi ichague za kutupa. Ilipotupa nukta za kona, mstari ulipita juu ya mapaa ya watu. Jaribio la kwanza lilinifikisha uani kwa fundi cherehani, akaniuliza nimefuata suruali ya nani. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo madereva wakaniita Fundi Mstari, nami nikavimba kichwa.

Kisha kampuni yao ikaniajiri. Meneja, yule wanayemwita Tai Ndefu, aliniambia programu yangu ni nzuri mno kuachiwa madereva. Ningekuwa na akili ningeondoka saa ile ile. Kitu nilichokitengeneza ili mtu asipotee, yeye alikigeuza kamba ya kumfungia. Akachagua faili moja kwa kila safari, akaiita njia rasmi, na dereva aliyetoka nje ya mstari aliitwa ofisini kujieleza kama mwizi. Mmoja alisimamishwa kazi kwa kuzunguka mti ulioanguka barabarani. Watu wanaokaa kwenye viti vya kuzunguka, ambao hawajawahi kubadilisha tairi kwenye matope, ndio waliokuwa wakimfundisha mumeo barabara imekaaje!

Nilimweleza Tai Ndefu kwamba ramani ya mtandaoni hubadili maelekezo barabara ikifungwa, lakini faili haibadiliki. Ni kama picha ya mtu: ukimpiga amesimama, itaendelea kumwonyesha amesimama hata akiwa hoi kitandani. Ile njia ya mtoni, inayovuka pasipo daraja, niliichukua wakati wa kiangazi, maji yakiwa ya kulowesha kisigino. Nikasema faili ziwe na tarehe ya mwisho wa kutumika. Alicheka, akasema kinachoharibika ni maziwa, siyo barabara. Wote mezani wakacheka naye. Wateja walikwisha kuahidiwa kwamba malori yatapita njia ile ile kila safari, na ahadi kwa mteja ilikuwa nzito kuliko mto.

Wiki hii aliniita tena. Alitaka niandike, kama mtaalamu, kwamba shemeji alitoka nje ya mstari, ili kampuni iseme ajali ni yake, na matibabu ya mguu ni yake pia. Nilifungua kumbukumbu za kifaa chake mbele yao. Dada, mumeo alikaa juu ya mstari kama kifungo kwenye tundu lake. Tai Ndefu akasema basi, hata kama aliufuata, mtu mzima haingii kwenye maji anayoyaona. Wenzake wakatikisa vichwa kumkubalia. Ni swali lako lile lile, ila wewe uliliuliza kwa uchungu.

Nimewatukana muda wote huu ili nisifike hapa. Sasa nimefika.

Shemeji hakuingia tu. Alisimamisha lori ukingoni, pale penye mtandao, akanipigia. Alisema Fundi Mstari, huku maji hayachezi, nizunguke nipitie daraja la kule juu? Nilikuwa kwenye chumba cha mikutano na wageni, nikiwaonyesha ukutani jinsi malori yetu yasivyotoka nje ya mstari. Doa lililoonyesha lori lake pale ukutani lilikuwa limesimama, na Tai Ndefu ananitazama. Nilimwambia mumeo fuata mstari, shemeji, usiniaibishe mbele ya watu. Alicheka kidogo, akasema haya, bwana mkubwa. Doa likaanza kutembea. Wageni wakapiga makofi.

Polisi walipomuuliza, alisema aliamua mwenyewe. Nawe amekwambia macho yalimdanganya. Hayakumdanganya. Amenificha mimi, kwa sababu ni mdogo wako, na nimemwacha anifiche akiwa amelala na mguu uliopondeka, huku nikikukatia simu.

Jana nilikwenda kwa polisi na kwenye chama cha madereva, nikaandikisha maneno yale yote, na rekodi ya simu ipo. Kampuni haiwezi tena kusema aliamua peke yake. Aliuliza, na mtu wao akamwamuru. Chama kinasema matibabu sasa itayabeba kampuni, ipende isipende. Kazi nimefukuzwa, na kesi huenda ikanirudia. Siombi unihurumie, wala sijui kama utataka nije hospitali. Nitangoja uniambie.

Wabusu watoto kwa niaba ya mjomba wao. Wasalimie wanaokushikia zamu ya wodini. Na shemeji, ukimaliza kumsomea barua hii, mwambie asinifiche tena.

Mdogo wako,
Kitindamimba